Bega la Mchukuzi

Katika mwezi wa Julai mwaka 1505, marikebu za Wareno zilizoongozwa na Francisco de Almeida zilitia nanga mbele ya Kilwa Kisiwani, na jemadari huyo akapeleka wito kwa Amir Ibrahimu, mtawala wa mji, ili waonane juu ya kodi ya dhahabu ambayo Vasco da Gama alimtoza kwa vitisho mwaka 1502. Amir hakwenda. Tarehe za Wareno zasimulia kwamba alitoa udhuru baada ya udhuru, na mmoja katika hizo ulikuwa wa ajabu: alipokuwa akitoka kwenda kumlaki mgeni, paka mweusi alimkatia njia, na kwa ajili hiyo akaona kuwa mapatano yatakayofanywa siku ile hayatadumu. Haukupita muda askari wakashuka pwani, mji ukatekwa na kunyang'anywa, na Amir akakimbilia bara pamoja na watu wake.

Kisa hiki aghalabu husimuliwa kwa kicheko, na wasomaji wengi humhesabu Amir yule katika waoga au katika wajinga. Mimi sikicheki, kwa kuwa paka yule namjua. Amepita mbele ya mlango wangu mara nyingi kuliko nipendavyo kukiri: safari moja kwa sura ya mvua iliyonizuia kwenda kutia sahihi hati ya kiwanja, safari nyingine kwa sura ya ndugu ambaye ilikuwa lazima, nilijiambia, nimngoje arudi kutoka Mtwara kabla sijatoa jawabu. Mtu ambaye kuamua kwamwelemea hakosi paka. Na asipopita yeyote, atamtafuta.

Linalonishughulisha zaidi ni kwamba siku zile zile, mbele ya mizinga ile ile, palikuwa na mtu mwingine, Muhammad Ankoni, mmoja wa wakubwa wa mji. Mwaka 1502 Amir alimtoa awe rehani kwa Wareno, na yasimuliwa kwamba kodi ilipokawia alilipa kwa mali yake mwenyewe ili ajikomboe. Mwaka 1505 Almeida alipomtaka avae taji la Kilwa chini ya mfalme wa Ureno, alilivaa. Mwaka uliofuata aliuawa. Wareno nao waliihama ngome waliyoijenga, mahali ilipo leo ngome iitwayo Gereza, mwaka 1512, na Amir Ibrahimu akarejea katika mji wake. Siwezi kuapa juu ya yaliyokuwamo nyoyoni mwa watu wale wawili, maana waliotuandikia habari zao walikuwa adui zao au mabwana zao. Lakini kwa kadiri tarehe inavyoonyesha, aliyesitasita aliishi na aliyeamua aliuawa, wala hakuna awezaye kusema kwamba mji uliokwisha kunyang'anywa ulifaidi ukawiaji wa mmoja au wepesi wa mwenziwe. Matokeo, basi, si shahidi wa kutosha wa busara ya mtu, na anayewapima watu kwa yaliyowapata hupima bahati akidhani anapima akili.

Gunia la ufuta likiwekwa juu ya mizani ya ghala lina uzito wake, na mizani haiulizi ni nani atakayelibeba. Lakini waulize wachukuzi wawili waliolipandisha garini, nawe utapata majibu mawili, na kila mmoja atakuwa amesema kweli. Uamuzi nao una vipimo viwili vya namna hiyo. Kipo kipimo cha jambo lenyewe, ambacho chaweza kuhesabiwa kwa fedha, kwa siku au kwa roho za watu; na kipo kipimo cha bega, ambacho hutoka katika hulka ya mwenye kuamua. Rai yangu ni kwamba ugomvi wetu mwingi, nyumbani na barazani, hutokana na kuvichanganya vipimo hivi: mwepesi humwona mzito kuwa mwoga, mzito humwona mwepesi kuwa hana akili, na jamaa nzima hukosa faida ya wote wawili.

Wa kale walilijua jambo hili. Elimu ya tiba iliyofika pwani kwa vitabu vya Kiarabu, ambayo asili yake ni kwa Wayunani na ambayo Ibn Sina aliipanga katika kitabu chake cha Kanuni, ilifundisha kwamba mwili wa insani una maji manne, yaani damu, belghamu, safura na sauda, na kwamba mizaji ya mtu hufuata yale yaliyozidi. Mwenye safura huwa mwepesi wa hasira na wa kutenda. Mwenye sauda huzama katika fikira na hofu. Mwenye belghamu hutulia hata mahali pasipofaa kutulia. Elimu ya leo imeyakataa maji hayo manne, na imefanya haki. Lakini haikukataa walichokiona waganga wale, kwamba watu wawili waweza kusimama mbele ya jambo moja, mmoja akaona mlango na mwenzake akaona ukuta.

Huhitaji kwenda mbali kuwaona watu hao. Mke wangu na dada yangu wakiingia katika duka la nguo la Lindi kununua kanga, mke wangu huchukua doti ya kwanza ambayo jina lake limempendeza, akailipia, akaketi kumngoja wifi yake. Huyo wifi hukunjua doti ya pili, na ya saba, na ya kumi na tano: hii ina rangi njema lakini maneno yake yana kijembe, ile maneno yake ni ya heri lakini mji wake umejaa maua mno, nyingine pindo lake ni zuri kweli, ila jirani anayo. Mwishowe hununua, na ukweli ni kwamba kanga yake aghalabu huwa bora kuliko ya mwenzake. Lakini usiku ule, chakula kikiwa mezani, husikika akisema juu ya ile aliyoiacha dukani.

Mwaka 1956 mwanachuoni wa Marekani Herbert Simon, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, aliandika kwamba kiumbe, kwa kuwa akili yake na muda wake vina mpaka, mara nyingi hatafuti kilicho bora kuliko vyote bali kinachomtosha. Mwaka 2002 Barry Schwartz na wenzake walitunga maswali ya kuwapambanua watu kwa jambo hilo, wakaona kwamba wenye kutafuta kilicho bora kabisa huelekea kujuta zaidi na kuridhika kidogo kuliko wenye kukinai. Na mwaka 2006 uchunguzi wa wahitimu wa vyuo waliokuwa wakitafuta kazi, ulioandikwa na Sheena Iyengar, Rachael Wells na Schwartz huyo huyo, ulionyesha kwamba watafutaji wa bora walipata mishahara ya kuanzia iliyowazidi wenzao kwa asilimia 20 hivi, ilhali waliridhika na kazi zao kidogo kuliko wenzao. Nilipoisoma habari hiyo niliikumbuka kanga ya dada yangu. Mzito wa kuamua hapotezi bure. Hununua kitu kizuri zaidi, na sehemu ya bei huilipa kwa utulivu wa moyo wake.

Watu husema kwamba methali zetu zinapingana, kwa kuwa moja yasema haraka haraka haina baraka, na nyingine yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hazipingani hata kidogo. Methali ni dawa, na dawa hutolewa kwa kumtazama mgonjwa. Msiba wetu ni kwamba kila mtu hujitibu mwenyewe, tena kwa dawa aipendayo badala ya ile imfaayo. Mwenye pupa ndiye asiyekoma kusema ngoja ngoja huumiza matumbo. Na mtu kama mimi, ambaye angefaidi kukumbushwa kwamba mchagua nazi hupata koroma, humeza haraka haraka haina baraka asubuhi na jioni, akajiona mcha Mungu.

Hata hivyo ningekuwa dhalimu kama ningewaacha wasomaji wadhani kuwa mzigo ni wa wazito peke yao. Mabaharia wa Kilwa Kivinje wanao wakati uitwao tanga mbili, ule ulio kati ya kaskazi na kusi, ambapo pepo hazijatulia upande mmoja na mtu hajui kama upepo wa alfajiri utakuwa ndio wa adhuhuri. Wakati huo nahodha mmoja huketi akatazama mawingu juu ya Songo Songo, na kukaa kwake hakumchoshi, kwa sababu kwake kutazama ni sehemu ya safari. Nahodha mwingine hutweka tanga, si kwa kuwa ameona dalili ambayo mwenzake hakuiona, bali kwa kuwa kukaa bila kujua kunamtafuna. Mwepesi naye ana uzito wake, nao ni uzito wa kungoja. Mara nyingi tunapomsifu kwa ujasiri, huwa tumemwona mtu akiutupa mzigo chini ili apumue.

Historia ya nchi hii ina mfano mzito wa jambo hilo, nao ni wa kutajwa kwa heshima. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokusanya masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Maji Maji mwaka 1968, walisikia kwamba Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, lakini akawaagiza wasianze vita mpaka atakapotoa amri. Wamatumbi walingoja, na kungoja kukawashinda. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete, miche michache ya pamba ya serikali iling'olewa, na kung'olewa kwake kulikuwa ndiko kutangaza vita. Mwanzoni mwa Agosti Kinjikitile alikwisha kunyongwa huko Mohoro. Vita vikaenea kusini mwote hadi mwaka 1907, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Siwahukumu waliong'oa miche ile. Aliyechapwa viboko katika shamba la pamba isiyo yake hawezi kupimiwa subira na mtu aliyeketi kitini miaka mia moja na zaidi baadaye. Ninasema tu kwamba ndani ya jambo moja, lenye dhuluma moja na adui mmoja, walikuwamo watu ambao kungoja kuliwezekana kwao na watu ambao kungoja kulikuwa adhabu kuliko mauti, na kwamba agizo la Kinjikitile lilitolewa kana kwamba wote walikuwa wa kundi la kwanza.

Tena asidhani mtu kuwa pupa ni maradhi ya wanyonge. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield, kutazama kama karanga zaweza kulimwa kwa mitambo katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Waliizunguka Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini kwa muda wa wiki tisa, wakarudi na rai ya kufyeka ekari zaidi ya milioni tatu. Ulaya ilikuwa na njaa ya mafuta, na wakubwa wa London hawakuweza kukaa na swali lisilo na jibu. Nachingwea ikawa moja ya mahali palipochaguliwa. Bandari ya Mtwara na reli yake zikaanzishwa kwa ajili ya mazao ambayo bado hayajaota. Mwanzoni mwa 1951 mpango ulivunjwa, pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu, na reli nayo ikaja kung'olewa baadaye. Watu wale hawakukosa elimu wala fedha. Walichokikosa katika baraza yao ni mzito mmoja mwenye cheo cha kutosha, wa kusema: na tungoje masika mawili tuione mvua ya Nachingwea.

Hapo ndipo ninapoliona shauri la kufuata. Hulka ya mtu haibadilishwi kwa karipio. Lakini mila iliyopangwa vema yaweza kumsaidia kila mmoja kwa lile analolipungukiwa. Itazame posa kama ifanywavyo katika miji yetu. Mshenga huja na barua, akapokewa kwa heshima, wala hapewi jawabu papo hapo hata kama nyumba nzima imekwisha kufurahi. Huambiwa arudi baada ya siku kadhaa. Siku hizo ni lijamu kwa mwepesi, kwa maana zinamkataza kusema ndiyo kwa furaha ya saa moja au hapana kwa hasira ya saa moja. Lakini siku hizo pia ni chache na zinajulikana, nazo ni mchokoo kwa mzito, kwa maana mshenga atarudi, na atakapobisha hodi ni lazima pawe na neno la kumwambia. Kadhalika istikhara: masheikh wetu hufundisha kwamba mtu akishashauriana na wenye kujua, huswali rakaa mbili, akamwomba Mola amchagulie la heri, kisha akashika njia. Wako wanaoigeuza iwe usingizi, wakangoja ndoto wiki baada ya wiki. Hao wameifanya paka mweusi. Istikhara ni ya kufunga shauri, na si ya kuliahirisha.

Sasa ilinganishe hekima hiyo na namna tunavyoamua mambo makubwa ya mkoa wetu leo. Tangu stakabadhi ghalani ilipoanza katika korosho mwaka 2007, na ikaja kuenea hata katika ufuta, mkulima wa Lindi huuza mnadani kupitia chama chake cha msingi: bei za wanunuzi husomwa, nao wakulima hutakiwa waseme kama wanauza au hawauzi. Ni jambo jema, kwa kuwa limempa mkulima kinywa mahali ambapo zamani alikuwa na mgongo tu. Mwezi wa Oktoba 2018 kinywa hicho kilisema hapana, wakulima wa korosho wa kusini wakazikataa bei za minadani, na mwezi uliofuata serikali ikaingia, ikatangaza shilingi 3,300 kwa kilo na kutuma jeshi kusomba mzigo. Wako waliofurahia bei ile, na wako waliokaa muda mrefu wakingoja malipo. Lakini mnada wa kujibiwa kwa sauti, papo kwa papo, umeshonwa kwa kipimo cha hulka moja. Mwenye sauti na wepesi hujibu kwa niaba ya kijiji. Mzito, ambaye huenda ndiye aliyehesabu makato yote ya kilo moja, hufungua kinywa wakati watu wamekwisha kusimama na kukung'uta nguo. Na mnada ukiahirishwa bila siku kutajwa, hugeuka kuwa mateso ya mwepesi, ambaye kesho yake hukubali bei yoyote mradi jambo liishe.

Kwa hiyo natoa shauri dogo lisilohitaji fedha. Bei ikishasomwa, iandikwe ubaoni pamoja na bei ya mnada uliopita na makato yake. Wakulima wapewe nusu saa ya kuketi kijiji kwa kijiji chini ya miembe. Na katika kila duara atangulizwe kusema yule ambaye hajasema. Kisha jawabu litolewe kwa kuinua mikono, na lisivuke saa iliyotangazwa. Na desturi hii ivuke mnada. Katika mkoa ambao eneo la Likong'o lilichaguliwa kwa ajili ya kiwanda cha gesi asilia, maswali ya ardhi na fidia yamekwisha kuingia majumbani mwa watu, nayo hayarudi tena yakishajibiwa. Mkutano wa kijiji unaouliza leo na kutaka jibu leo humdhulumu mtu mmoja. Mkutano usio na mwisho humdhulumu mwingine.

Najua kuna pingamizi, nalo si la kupuuzwa. Mtu ataniuliza: je, si umaskini zaidi kuliko hulka unaomfanya mkulima apaze sauti kuwa anauza? Mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa ajili ya mchango, na mwenye deni dukani tangu masika, hawana anasa ya kuwa wazito. Ni kweli tupu. Dhiki huuongeza uzito wa jambo na hulidhoofisha bega kwa wakati mmoja, na hakuna duara la chini ya mwembe litakalolipa deni la mtu. Lakini waangalie wadaiwa wawili wa deni moja, utaona kwamba hata dhiki haiwafanyi sawa: mmoja atauza kwa hasara leo ili alale, na mwingine atakosa usingizi miezi mitatu akingoja bei ambayo haiji. Wote wawili wamedhulumiwa na dhiki ile ile, na kila mmoja anahitaji mwenzake wa kumwambia neno ambalo moyo wake mwenyewe haumwambii.

Kwangu mimi mtu huyo ni mke wangu, yule mnunuzi wa doti ya kwanza. Hati ya kiwanja niliyoitaja hapo juu hatimaye niliitia sahihi siku ambayo mvua ilinyesha kuliko siku zote nilizoahirisha, kwa sababu alinikabidhi mwavuli, akafungua mlango, akasema kwamba afisi itafungwa saa tisa. Na yeye, mwaka jana, alipotaka kuuza ufuta wetu wote kwa bei ya mnada wa kwanza, nilimsihi tulale juu ya jambo lile usiku mmoja, akakubali usiku mmoja tu, akaniwekea saa ya asubuhi. Hatujafanana hata leo, wala sidhani kuwa tutafanana. Paka mweusi bado hupita mbele ya mlango wetu. Ila siku hizi mmoja wetu humwona, na mwingine humfukuza.